Mkono wa Kushoto Ukiingia

Wenyeji hawaujui mji wao. Anayebisha na abishe, lakini Bi Funguo alikuwa ameishi mji ule tangu alipoolewa, akamzika mume humo, akapangisha vyumba humo, na mguu wake haujawahi kukanyaga maktaba kuu, wala hoteli kubwa, wala lile jengo la vioo ambalo kila mgeni lazima apige nalo picha. Alijua sokoni, alijua zahanati, alijua ofisi ya maji anakokwenda kugombana. Yaliyobaki aliyaona kwa mbali akipita na kikapu chake, basi. Hayo ni mambo ya wageni, alikuwa akisema, mimi nayatakia nini?

Sasa yalimpasa, tena yote kwa siku moja, kwa sababu alimwahidi mtu anayekufa. Ahadi ya namna hiyo huna wa kumrudishia.

Kijana mwenyewe alikuwa mpangaji wake wa chumba cha nyuma. Mtaani walimwita Buibui, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuning'inia kwa kamba nje ya maghorofa akiosha vioo. Alikuja mjini kutafuta ukarani, akasaga soli za viatu weee mpaka zikaisha, ukarani haukuonekana, akashika kamba. Kwao lakini alisema ni karani, na akishasema hivyo angerudi nyuma vipi? Mvua na upepo wa huko juu vikamwingia kifuani. Bi Funguo ndiye aliyemuuguza, akimkanda, akimnywesha supu kwa kijiko, akimgombeza apone. Siku moja akamshika mkono.

"Mama, wazazi wangu wakija, wazungushe mjini. Waonyeshe pale nilipowasimulia. Kamba usiwaonyeshe."

Bi Funguo akasema sawa, mwanangu. Wewe ungesema nini?

Homa ya mapafu ikamchukua. Habari zilipofika kwao, baba yake alikuwa amelazwa na mama yake hana wa kumwachia mgonjwa, kwa hiyo wapangaji wenzake na watu wa kamba ndio waliomzika. Mama mtu amekuja sasa, msiba ukiwa umekwisha poa kwa watu wote isipokuwa yeye.

Alikuwa mwanamke mwembamba, fundi cherehani, mwenye jicho la kumpima mtu kabla hajamwamkia. Usiku wa kuamkia siku ile alilala chumba cha mwanawe. Bi Funguo alikuwa amekiandaa. Kamba, mkanda wa kujifungia, ndoo na mpira wa kufutia vioo alivisukuma chini ya kitanda chake mwenyewe, na ukutani akatundika tai aliyoazima kwa mpangaji wa mbele, wakala wa bima. Asubuhi mgeni alitoka akamkuta Bi Funguo anachemsha chai.

"Dada, ile tai ya nani?"

"Ya mwanao."

"Alijifunza lini kufunga tai?"

"Mji unafundisha," Bi Funguo akasema, akainamia jiko kama vile limemwita.

Mgeni alimpima kwa jicho. Alisema gauni la Bi Funguo linambana kwapani, akatoa sindano kwenye mkoba, akamfungulia mshono palepale akiwa amesimama na kijiko mkononi. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Bi Funguo alimpenda, na hapo ndipo hofu ilipomwingia hasa, maana kumdanganya mtu usiyempenda ni kazi rahisi.

Wakati wanakunywa chai mgeni akamweleza alichokuja kufanya. Kaburi alikuwa ameliona jana, amelia, amemaliza kwa jana. Leo ametumwa. Baba wa marehemu alikuwa seremala, sasa macho yamekwisha, haoni hata kivuli. Kila kijana alipopiga simu, mzee aliweka spika akamwambia, haya, nitembeze. Naye alimtembeza. Hakumwambia pazuri, pakubwa, kama watu wanavyosema. Alimwambia ukiingia, mkono wa kushoto kuna kitu fulani, mkono wa kulia kuna kitu fulani, mbele yako dirisha. Kipofu hujua chumba kwa mikono. Mzee alivishika vyumba vyote hivyo kichwani, na jioni, akiwa kwenye kiti chake, alikuwa akiinyoosha mikono, huu huku, huu huku, anatembea mjini.

"Ameniambia niende nikashike kila kitu kwa ajili yake," mgeni akasema. "Nikimaliza nimpigie. Anataka kujua mtoto alikuwa mahali pazuri. Hataki kingine, dada. Akilijua hilo atalala."

Bi Funguo akaitikia, akameza chai ya moto mno, ikamuunguza.

Walipotoka, jirani muuza mkaa aliyekaa kizingitini akauliza kwa sauti ya huruma, "Ndiye mama wa Buibui?" Bi Funguo alimkata jicho ambalo lingeweza kuwasha ule mkaa wake.

"Mbona Buibui?" mgeni akauliza njiani.

"Alikuwa mkimya. Anakaa pembeni."

"Mwanangu? Mkimya?" Mgeni akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu afike. "Labda alikuwa amekuwa mkubwa."

Walianza na maktaba. Ukumbi wa kusomea uko juu, ngazi zinapanda kwa nyuma. Bi Funguo alipanda akihema na kulaani waliojenga, kwamba mtu akifika huko juu hana pumzi ya kusomea. Mlangoni mgeni akasimama. Akafumba macho, akainua mkono wa kushoto.

"Ukiingia, mkono wa kushoto, ramani ya dunia, kubwa, bahari yake ya kijani siyo ya bluu."

Akafumbua. Ukuta wa kushoto ulikuwa na rafu za vitabu. Ramani ilikuwa kulia, kubwa kweli, bahari yake ya kijani kweli.

"Wameihamisha," Bi Funguo akawahi kusema. "Mji huu hautulii, kila siku wanahamisha vitu."

Mgeni akamwendea mkutubi, binti aliyekuwa anapanga vitabu, akamuuliza kwa adabu ramani ilihamishwa lini.

"Haihamishiki, mama. Imechorwa ukutani. Tangu jengo lijengwe iko hapo."

Mgeni akashukuru. Aliisogelea ramani akaigusa kwa viganja viwili kama alivyotumwa, rangi ilikuwa imeanza kubanduka, akasimama hapo muda. Bi Funguo alijaribu kusema kwamba hata yeye kushoto na kulia humchanganya, kwamba siku moja alivaa viatu upande upande mpaka sokoni. Mgeni akatabasamu kwa heshima tu. Dirisha la ukumbi lilikuwa kubwa, mbele yao, safi.

Hotelini mlinzi aliwatazama tangu kandambili za Bi Funguo hadi kilemba chake, akauliza kama wana miadi. Bi Funguo akamwambia miadi yao ni na chai, na kama chai haimtaki mtu aliyevaa kandambili basi aende akaiulize. Wakapita. Ndani ya lifti alishika ukuta kwa mikono miwili. Alikuwa hajawahi kupanda lifti, na hakutaka mgeni ajue, kwa kuwa mwenyeji ni yeye.

Mgahawa ulikuwa ghorofa ya juu kabisa. Kijana alikuwa amesimulia kwamba huko ndiko anakokunywa chai siku za mapumziko. Mkono wa kushoto ukiingia, tangi la vioo, samaki wekundu, na mmoja mweusi anayejitenga. Mkono wa kulia, jukwaa dogo, na mwanamke mnene anayeimba akifumba macho.

Tangi lilikuwa kulia. Jukwaa lilikuwa kushoto.

Waliketi. Mhudumu akaleta chai kwenye vikombe ambavyo Bi Funguo aliviona ni vya kuchezea watoto. Mgeni hakunywa. Aliwatazama samaki wekundu, akamtafuta yule mweusi, akamwona. Kisha akatoa simu yake, akamwonyesha mhudumu picha.

"Huyu alikuwa anakuja hapa."

Mhudumu akaitazama vizuri, hakuwa mtu mbaya. "Mimi simkumbuki, mama. Na mimi nina siku nyingi hapa."

"Mwanamke anayeimba, anaimba nyimbo gani?"

"Ah, zetu hizihizi. Za zamani, kila mtu anazijua. Watu huitikia."

Alipoondoka mgeni aliweka simu mezani, picha chini. "Baba yake alimuuliza hivyohivyo. Anaimba nini? Akasema ni lugha za watu, hazishiki. Nyimbo za zamani, dada. Mimi mwenyewe nilimwimbia hizo nikiwa kwenye cherehani, yeye yuko chini ya meza anaokota vifungo." Tangi lilikuwa linanguruma taratibu, mashine yake ya maji. Mgeni akalisikiliza. "Hata hili hakusema kama linanguruma. Kwa kipofu angeanza na hilo."

Bi Funguo alikisogeza kikombe chake kidogo, akakirudisha palepale.

"Hakuwahi kufika hapa," mgeni akasema polepole. "Alikuwa anayapata magazetini. Au kwa watu. Anakaa kwenye kile chumba chako, anatunga, anatuuzia mimi na baba yake. Mzee amekaa kwenye kiti chake anainyoosha mikono hewani, anashika uongo." Uso wake haukuwa na chozi, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilizaa mwongo, dada. Niambie tu. Wewe ulimjua."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini nani alikuwa mwongo hapa? Bi Funguo alijua. Tangu kwenye maktaba alikuwa ameanza kuona, na sasa aliona kwa uwazi kabisa. Akinyamaza, mama huyu atakwenda nyumbani akiwa amempoteza mwanawe mara mbili. Akisema, amevunja ahadi ya maiti, na amemtundika kijana wa watu kwenye kamba mbele ya macho ya mama yake, kwenye upepo uleule uliomuua. Alitamani marehemu angekuwa hai kwa dakika chache amtandike makofi, halafu amkumbatie.

"Hakuwa mwongo," akasema.

"Basi ni nini?"

"Twende tumalizie alipofanya kazi," Bi Funguo akajibu. Alikuwa anajinunulia muda, na alijua.

Jengo la vioo hawangeingia kama si msafishaji wa ghorofa ya tisa kuwa naye ni mpangaji wa Bi Funguo, tena mwenye shida ya kulipa kwa wakati. Aliwapitisha kwa mlango wa nyuma, akawaambia wasikae sana. Wakatoka kwenye lifti, wakasukuma mlango, na hapo mbele ukawapokea mji mzima.

Ukuta wa mbele ulikuwa kioo kitupu. Bi Funguo alisahau shida zake. Aliiona reli, akaona soko limekuwa dogo kama kitambaa kilichoanikwa, akatafuta paa lake akaliona, lile lenye bati moja jipya. Maisha yake yote yalikuwa pale chini, na ilibidi afe mtoto wa mtu ndipo apande kuyaona. Aliona haya kufurahi, akaacha.

Mgeni hakutazama nje. Alikuwa anautazama ukumbi: kochi refu la kijani, mkono wa kulia. Picha ya farasi wawili, mkono wa kushoto.

"Alisema kochi kushoto," akasema. "Farasi kulia. Hapa napo."

Wakati huo kamba mbili zikatikisika nje ya kioo. Zikashuka nyayo za mabuti, zikashuka ndoo, na wanaume wawili waliojifunga mikanda wakaning'inia mbele yao, miguu imeegemea jengo. Mmoja akaanza kupaka sabuni. Mwingine alitazama ndani, akamtambua mwanamke aliyewapikia siku ya mazishi, akainua mkono wake uliolowa kumsalimu.

Bi Funguo hakuinua wake. Lakini mgeni alikuwa ameona.

Alimtazama yule mwanamume. Akamfuata macho: mwanamume alitazama kochi, kwa upande wake, kisha akatazama farasi. Mgeni akainua mikono yake miwili, akaitazama, kisha akaipishanisha kifuani taratibu, wa kushoto ukaenda kulia na wa kulia ukaenda kushoto. Mtu aliyeshona nguo maisha yake yote hahitaji kuelezwa mara mbili. Shati ukiligeuza ndani nje, mfuko wa kushoto unahamia kulia. Shati ni lilelile.

"Alikuwa upande ule," akasema.

"Aliniapisha, dada. Aliniapisha nisiseme. Nisamehe."

"Maktaba pia."

"Pia."

"Na hotelini. Yule mwanamke anaimba, yeye anaona mdomo tu." Sasa machozi yalikuja, na hakuyafuta. "Mwanangu alikuwa anatazama watu wanakunywa chai."

Bi Funguo alimshika mabega. Alimwambia yote, kwa kuwa mtungi ulikuwa umekwisha vunjika: ukarani uliokosekana, kamba, jina la Buibui na maana yake, vifaa vilivyo chini ya kitanda. Alimwambia kwamba siku za mwanzo kijana alirudi akitetemeka miguu, hawezi kushika kijiko. Baadaye akazoea, na jioni alikuwa akimsimulia na yeye vyumba alivyoviona, kwa furaha, kama mtu aliyealikwa. Alimwambia kwamba alimpenda. Hilo alilisema mara mbili.

"Alikuwa anaogopa?"

"Mwanzoni."

"Mvua ikinyesha?"

Bi Funguo akamvutia mtandio mabegani, akamfunika.

Simu ikalia mkononi mwa mgeni. Alitazama jina, akavuta pumzi, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaweka spika kwa mazoea ya nyumbani.

"Mama," sauti ya mzee ikasema. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa na simu mapajani tangu alfajiri. "Mbona hupigi? Umefika wapi?"

"Nimefika kazini kwake, baba."

"Uko ndani?"

"Niko ndani."

"Ghorofa ya tisa?"

"Ya tisa."

"Subiri, usiniambie. Nakuambia mimi." Wakamsikia akijiweka sawa kitini, na Bi Funguo, ambaye hajawahi kumwona, aliiona ile mikono ikinyooka. "Umeingia. Mbele yako dirisha. Mkono wako wa kulia, farasi, wawili, mmoja ameinamisha kichwa. Mkono wako wa kushoto, kochi, la kijani. Eh? Ndivyo?"

Bi Funguo alimtazama mgeni. Sema ndiyo tu, alimwomba moyoni, hatakuona, ni kipofu, sema ndiyo yaishe. Lakini huyo hakuwa mwanamke wa kumdanganya mumewe.

"Mama? Sivyo?" Sauti ya mzee ilikuwa imepungua. "Alituongopea?"

"Ngoja nishike vizuri, baba," akasema.

Alitembea. Alivuka zulia lote, akapita kati ya kochi na farasi, akafika kwenye kioo, na hapo akageuka. Akaegemeza mgongo wake kioo, kisogo pia, akiutazama ukumbi. Nyuma yake yule mwanamume wa kamba aliacha kufuta. Mpira wake ulibaki umesimama katikati ya kioo, povu likitiririka, naye akavua kofia akiwa ananing'inia vilevile.

Mgeni akanyoosha mkono wa kushoto, na kochi lilikuwa huko. Akanyoosha wa kulia, uliokuwa na simu, na farasi walikuwa huko.

"Ndivyo," akasema. "Kochi kushoto. Farasi kulia, mmoja ameinama. Kila kitu kama alivyosema, baba. Hakukosea hata kimoja."

Upande wa pili wa simu mzee alikuwa analia, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Walikisikia mpaka kikatulia.

"Na yeye alikuwa anakaa wapi?" akauliza. "Kiti chake."

"Hapa niliposimama. Dirishani."

"Pazuri?"

"Anaona mji mzima. Anaona na ndani pia, watu wote."

"Alhamdu… basi. Basi, mama." Alipumua. "Mbona sauti yako inatetemeka?"

Mgeni alifumba macho. Mgongo wake haukutoka kwenye kioo.

"Ni baridi, mume wangu," akasema. "Hapa alipokuwa pana baridi. Hilo tu ndilo hakutuambia."